Asilimia moja kwa siku na sufuria ya makande

Kitabu cha James Clear, Atomic Habits, nilikimalizia ndani ya basi. Tulikuwa tumeshapita Hedaru, joto la tambarare limetanda, milima ya Upare iko mkono wa kulia, na mimi nimejaa imani. Mwezi mmoja kabla, mama alikuwa amepimwa presha akakutwa na 160 kwa 100. Akapewa dawa na maneno matatu ya kwenda nayo nyumbani: punguza chumvi, punguza mafuta, kula matunda. Kila mwenye presha nchini ameshayasikia hayo. Nikawaza, shida si kwamba mama hajui. Shida ni kwamba hakuna aliyemwonyesha pa kuanzia, na mimi hapa mkononi nina kitabu kizima cha namna ya kuanza.

Kwa hiyo hii ni tathmini ya kitabu hicho, na kidogo ya ndugu zake, kutoka kwa mtu aliyejaribu kukitumia kwenye jiko la mafiga matatu.

Kwa ambao hamjakisoma: kilitoka 2018, na hoja yake ni kwamba mtu asihangaike na mabadiliko makubwa. Abadilishe kitu kidogo, kila siku, mahali palepale, baada ya jambo lilelile analolifanya tayari. Ukitaka kula vizuri, weka matunda mezani pa kuonekana na ufiche biskuti. BJ Fogg wa Chuo Kikuu cha Stanford ana kitabu kinachokaribiana nacho, Tiny Habits, chenye mfano wake maarufu: ukitaka kuzoea kusafisha katikati ya meno kwa uzi, anza na jino moja. Moja tu. Clear anaongeza hesabu: ukiboreka kwa asilimia moja kila siku, mwisho wa mwaka umekuwa bora mara 37. Nimeipiga kwenye kikokotoo, iko sahihi. 1.01 ikizidishwa yenyewe mara 365 inatoa 37.78.

Lakini mara 37 ya nini? Fedha ya benki inaweza kuzaa juu ya riba yake. Presha haizai. Feng He na Graham MacGregor, watafiti wa London, walichapisha mwaka 2013 mapitio ya majaribio ya kupunguza chumvi kwa wiki nne au zaidi. Watu wenye presha waliopunguza gramu 4 na ushee kwa siku walishuka kwa wastani wa pointi 5 hivi kwenye ile namba ya juu. Kwa mishipa ya ubongo na moyo, pointi 5 si mchezo. Ila ni pointi 5. Ukishafika hapo, haziendelei kuporomoka kila siku eti kwa sababu wewe ni mvumilivu. Ule mchoro wa sura ya kwanza, mstari unaopaa kama ndege, ni mapambo. Hauelezi mwili.

Halafu kuna hili la siku ngapi. Zamani ilikuwa siku 21, namba iliyoenea kutokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji kama siku 21 kuzoea sura zao mpya. Kuzoea pua mpya na kuzoea mchicha ni vitu viwili. Siku hizi mitandaoni namba imekuwa 66, nayo ina chanzo cha heshima zaidi: utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa 2010. Tuusome vizuri, maana ndio mhimili wa mazungumzo yote ya tabia ndogondogo za kula.

Walijitolea watu 96. Kila mmoja alichagua jambo moja la kula, kunywa au mazoezi, akaambiwa alifanye kila siku katika mazingira yaleyale, kwa mfano baada ya kifungua kinywa, kwa siku 84. Kila siku alijaza kama amelifanya na kama limeanza kuja lenyewe bila kufikiri. Data za kutosha zilipatikana kwa watu 82. Mkunjo wa kihisabati uliweza kuchorwa kwa 62, na ulikaa vizuri kwa 39. Kutoka kwa hao 39 ndipo tunapata katikati ya siku 66, huku wa haraka akiwa na 18 na wa mwisho 254. Sasa jiulize, utafiti wa siku 84 umeipataje 254? Kwa kuurefusha mkunjo mbele ya pale data zilipoishia. Hakuna kosa hapo, wenyewe wameeleza wazi walichofanya. Kosa ni letu sisi tunaochukua 66 na kumpa mgonjwa kama dozi.

Na kuna vitu viwili vizuri mno kwenye utafiti huohuo ambavyo watu hawavisemi sana. Kwanza, kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Pili, mkunjo unapanda haraka mwanzoni kisha unalala, yaani kinyume kabisa cha ule mstari wa asilimia moja. Siku za kwanza ndizo zenye faida kubwa.

Turudi Same. Kwetu ni milimani, upande wa Mamba, ambako ukitaja tangawizi kila mtu anajua. Nilifika na mpango wa mambo matatu. Kijiko cha chai cha kupimia chumvi, nikakifunga kwa uzi kwenye kopo lenyewe ili kisipotee. Parachichi au ndizi moja mara tu baada ya chakula cha mchana. Na sahani ndogo.

Hilo la sahani ndogo sikulitoa kwa Clear, nililibeba kutoka kwenye ushauri ulioenea kila mahali, na hapa nakiri uzembe wa kitaaluma. Mtu aliyeueneza ushauri huo kuliko wengine ni Brian Wansink wa Chuo Kikuu cha Cornell, na mwaka 2018 jarida la JAMA na ndugu zake waliondoa makala zake sita kwa mkupuo kwa sababu data hazikuweza kuthibitishwa. Akajiuzulu. Si kwamba ukubwa wa kinachopakuliwa hauna maana. Mapitio ya Cochrane ya 2015 yaliona kwamba watu wakipewa kingi hula kingi. Lakini mimi nilikuwa nampelekea mama sahani bila kujiuliza imetoka kwa nani. Na makande, kama unavyojua, yanaongezwa. Mama alikula sahani ndogo mbili.

Siku tisa nilizokaa nyumbani mambo yalikwenda vizuri. Nikarudi chuoni. Wiki ya tatu nikapiga simu, tukamaliza shikamoo na habari za mvua, nikauliza kijiko vipi.

“Kipo.”

“Unakitumia, mama?”

Akanyamaza kidogo. “Mwanangu, mimi chumvi siiweki kwenye sahani yangu. Naiweka kwenye sufuria. Na sufuria si ya kwangu peke yangu.”

Sentensi hiyo ndiyo tathmini yenyewe, mimi nafafanua tu. Nyumbani wanakula watu sita: mama, shangazi, kaka na watoto watatu wa kaka. Siku ya gulio anapika shangazi, maana mama ameteremka sokoni. Jumapili anapika yeyote aliyewahi kurudi kutoka ibadani. Kijiko changu kilikuwa tabia ya mtu mmoja kati ya mikono mitatu inayotia chumvi. Akitia mama kidogo, shangazi anaonja, anakunja uso, anaongeza. Mgeni akija na chakula kikawa hakijakolea, aibu ni ya mwenye nyumba, haitaangalia nani ana presha. Na lile tunda la baada ya chakula liliishia kwa wajukuu. Bibi gani atakula ndizi huku watoto watatu wanamtazama?

Clear anaandika kwa ajili ya mtu mwenye jokofu lake, kabati lake na mlo wake. Tabia anayoizungumzia inakaa ndani ya mtu. Kwetu, sehemu kubwa ya tabia ya kula inakaa kwenye sufuria, na sufuria ina wenyewe wengi. Nchi kama Uingereza, chumvi nyingi inatoka kwenye vyakula vilivyokwishatengenezwa, mkate ukiwemo, kwa hiyo huko hata kijiko cha mpishi hakitoshi, lazima kiwanda kibanwe. Kijijini kwetu inatoka mkononi mwa anayepika. Hiyo ni habari njema ukiifikiria, ila ni mkono wa nyumba nzima.

Tukitafuta ushahidi wa wazo hili hatuendi mbali. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la China vijijini, linalojulikana kwa kifupi kama SSaSS. Vijiji 600, watu 20,995, wote ama wameshawahi kupata kiharusi au wana miaka 60 na zaidi wenye presha. Nusu ya vijiji walipewa bure chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu badala ya ile ya kawaida ya sodiamu, na walipewa ya kutosha mapishi yote ya kaya. Baada ya kama miaka mitano, viharusi vilikuwa vimepungua kwa asilimia 14 kwenye vijiji hivyo. Hakuna aliyeambiwa ajipongeze. Hakuna aliyehesabu siku 66. Kilichobadilika ni kilichomo kwenye kopo. (Tahadhari kabla hujakimbilia dukani: chumvi ya potasiamu ni hatari kwa mwenye figo mbovu na kwa anayetumia baadhi ya dawa za presha. Muulize daktari kwanza.)

Sisi hatukuwa na chumvi hiyo. Tulichokuwa nacho ni magadi, na hapa nataka nikae kidogo maana ndipo nilipojifunza zaidi.

Makande ni mahindi yaliyokobolewa na maharage, yanachemka masaa. Maharage yaliyokaa ghalani kwenye joto, hasa ya msimu uliopita, yanakuwa magumu zaidi. Joto na unyevu vinabadilisha kuta za chembe zake, ile gundi yake iitwayo pektini inashikana na madini ya kalsiamu na magnesiamu, na maji yanapata kazi kuiachanisha. Magadi yanaivunja gundi hiyo haraka, ndiyo maana bibi zetu waliyapenda. Gharama yake ni tatu. Yanaua vitamini B1 ambayo maharage yanayo kwa wingi. Magadi ya Bonde la Ufa yanabeba floridi, na watafiti wa meno kaskazini mwa Tanzania wameyahusisha na meno yenye madoa ya kahawia. Na yenyewe ni sodiamu.

Kiasi gani? Magadi safi ni asilimia 30 hivi sodiamu kwa uzito. Kijiko cha chai cha gramu 5 kina gramu 1.5 za sodiamu, sawa na karibu gramu 4 za chumvi. Gawanya kwa watu sita: kila mmoja anapata kama gramu 0.6 za chumvi ambayo hakuna aliyeionja wala kuihesabu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku. Sio mzigo mkubwa, lakini ni asilimia 12 ya ruhusa ya siku nzima kabla kopo la chumvi halijafunguliwa.

Aliyeyaondoa magadi si mimi. Ni shangazi, na hakuyaondoa kwa ajili ya presha. Kuni zilikuwa zimekuwa shida, mvua za masika zimelowesha kila kitu, akaanza kuloweka mahindi na maharage usiku, akishaosha vyombo na kufunika moto. Asubuhi anamwaga yale maji, anaweka mapya. Yakaiva mapema, kuni zikabaki, tumbo nalo likatulia, maana maji yanayomwagwa yanaondoka na sehemu ya zile sukari zinazoleta gesi. Magadi yakakaa kwenye kikaratasi chake mpaka yakasahaulika.

Hebu tazama: hiyo ni tabia ndogo kama ilivyo kwenye kitabu. Imeshikizwa kwenye jambo linalofanyika kila siku, kuosha vyombo. Ni rahisi. Zawadi yake inaonekana asubuhi yake, haingoji miaka kumi. Clear angeipiga makofi. Lakini haikuanzishwa na mgonjwa, haikuanzishwa kwa sababu ya ugonjwa, na ikafika kwenye matumbo sita kwa mpigo. Ndiyo maana siwezi kukitupa kitabu. Kanuni zake za mazingira na kichocheo ziko sawa, hasa sura ya 6 inayosema mazingira yana nguvu kuliko hamasa. Anachokosea ni anwani.

Nilipokwenda likizo iliyofuata niliacha kijiko, nikaja na hesabu ya pakiti. Nawapa bure. Pakiti ya chumvi ya nusu kilo ina gramu 500. Watu sita kwa gramu 5 ni gramu 30 kwa siku. Pakiti inatakiwa idumu siku 16 hadi 17. Kama kwenu mko sita na inaisha siku ya 9, kila mtu anakula zaidi ya gramu 9. Ni kipimo cha jembe, si cha maabara: watoto wanatakiwa kula pungufu ya hapo, chumvi nyingine inamwagika na maji, na haihesabu chipsi za kijiweni wala viungo vya pakiti. Lakini ni kipimo cha sufuria, kinaonekana na wote, hakimwoneshi mtu mmoja kidole.

Ya kwetu ilikuwa inadumu siku 11. Tarehe ya kufungua ikaanza kuandikwa kwa mkaa ukutani, juu ya mafiga. Watoto ndio wakawa makarani. Tulipunguza polepole, na hapa upolepole una sayansi yake. Mwaka 1982 Gary Beauchamp na wenzake wa Philadelphia walionyesha kwamba watu waliokula chumvi kidogo kwa miezi kadhaa, ulimi wao wenyewe ulihama: chakula walichokuwa wanakiona kimepooza wakaanza kukipenda, na cha zamani wakakiona kimezidi. Shangazi hakukunja uso. Sasa pakiti inafika siku ya 15. Bado hatujafika 17, na hatutaki kufika sifuri, chumvi ya dukani ndiyo inayotuletea madini joto.

Presha ya mama? Imeshuka, ila siwezi kuiandikia pakiti ushindi huo, kwa sababu katikati ya safari alibadilishiwa dawa. Ningekuwa naandika kitabu cha kuuzwa uwanja wa ndege labda ningeificha hiyo.

Nimebakiza sura ya 9, ya nafasi ya familia na marafiki. Niliifungua kwa hamu nikidhani hapa sasa atakutana na sufuria. Inaanza na Laszlo Polgar, baba wa Hungaria aliyewalea binti zake watatu kuwa mabingwa wa sataranji, kisha ushauri unafuata: jiunge na kundi ambalo tabia unayoitaka ni ya kawaida. Sawa. Kwa kijana wa mjini anayetafuta klabu ya kukimbia, inafaa. Mama hajiungi na ukoo mwingine ili apate kula chumvi kidogo. Yeye anabaki palepale, na kundi ndilo linalotakiwa kuzungumzwa nalo. Kwetu mtu hafikirii hivyo kwa shida, tuna ndiva milimani: kijibwawa kinachojazwa maji ya kijito usiku kucha, kikafunguliwa mchana, mashamba yakapata kwa zamu. Ukitaka kubadilisha zamu unakwenda kwa wenye ndiva, huendi kujiboresha kwa asilimia moja shambani kwako.

Lawama yangu kubwa kwa aina hii ya vitabu iko hapo, na inawagusa pia wanaoandika vipeperushi vyetu vya afya. Tabia ikishindikana, kitabu kinakuambia hukuifanya iwe rahisi vya kutosha, hukuiona, hukuipenda. Wewe, wewe, wewe. Zile wiki tatu za kijiko mama alikuwa anajiona mkaidi. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anaogopa kupokea simu yangu. Mtu mwenye 160 kwa 100 akiogopa simu ya mwanawe msomi, ushauri umeshamdhuru kabla haujamsaidia.

Kisome, basi, lakini ruka michoro ya mara 37, na unapofika kwenye neno “wewe” uliza ni watu wangapi wanaokula hapo. Kijiko changu bado kimefungwa kwa uzi kwenye kopo. Nimeambiwa wanakitumia kupimia dawa ya kikohozi ya watoto.